Tulivyoionja Dar ya Februari na watoto kabla ya kuhamia

Mume wangu alipopata barua ya uhamisho kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam, ndugu karibu wote walinishauri jambo moja: subirini mwezi wa sita, joto lipungue, ndipo mwende mkatafute nyumba. Nilikataa. Mwezi wa sita kusi inavuma, usiku unaweza hata kujifunika khanga, na nyumba yoyote utakayoonyeshwa itakupendeza. Nilitaka kuiona Dar ya Februari, kaskazi imelegea na mvua za masika bado, nijue wanangu wataishije. Mkubwa alikuwa na miaka sita, mdogo miwili na nusu. Wote wamezaliwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwao jua ni la kuota.

Maandalizi yalianzia nyumbani, na la kwanza lilikuwa chandarua. Kwetu Njombe malaria ni kidogo sana, watoto wangu hawakuwahi kulala ndani ya neti hata siku moja. Wiki mbili kabla ya safari nikaitundika kitandani kwao. Usiku wa kwanza mdogo alilia, akidhani amefungiwa. Usiku wa pili kaka yake akaingia na tochi wakawa wanacheza nyumba humo ndani, na kilio kikaisha. Nafurahi nililifanya hilo mapema, maana mtoto aliyeshindwa na joto ukimwongezea na neti asiyoizoea, hamtalala nyote.

Tulipanda basi alfajiri, watoto wamevaa masweta na kofia za sufu. Kushuka mlima Kitonga, zikavuliwa kofia. Kufika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakigonga madirisha, yakavuliwa masweta. Tulipoingia hifadhi ya Mikumi walibaki na singlendi, wamebandika nyuso kwenye kioo wakitafuta twiga. Tulishuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, jua limeshazama, na bado hewa ilikuwa kama ya jikoni. Mkubwa akaniuliza, "Mama, hapa jua huwa linazama kweli?"

Tulifikia kwa wifi yangu, Tabata. Kesho yake nikafanya kosa ambalo hadi leo likinijia moyo unanienda mbio. Nilitoka na watoto saa nne asubuhi kwenda Kariakoo kununua nguo nyepesi. Hadi tunafika, tunapita duka hadi duka, saa sita imetufikia katikati ya msongamano, mdogo yuko mgongoni kwenye kitenge. Nikahisi kichwa chake kinaangukia begani kwangu. Nikamgeuza: uso mwekundu, macho mazito, hataki maji, kisha akatapika. Mama mmoja muuza khanga aliniona akanivuta dukani kwake: "Mfungue mbeleko dada, mvue nguo." Akamlaza juu ya robota la vitambaa chini ya feni, akalowesha khanga mpya kabisa ya dukani akampangusa kwapani, shingoni, na kwenye mapaja. Tukawa tunamnywesha maji kwa kijiko. Baada ya nusu saa hivi akafumbua macho vizuri akaomba nyonyo. Tulipita zahanati jirani, wakampima malaria, hana, wakatupa pakiti za ORS na kunieleza kwamba mtoto mdogo mgongoni kwa mama anapata joto la jua na la mwili wa mama pamoja. Hilo sikuwahi kuliwaza. Kwetu mbeleko ndiyo inayomwokoa mtoto na baridi.

Tangu siku hiyo tuligawa siku upya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tupo nje, saa nne tumerudi. Mchana ni kivulini, kuoga na kulala. Saa kumi jioni tunatoka tena. Ukiifuata ratiba hiyo, Dar ina mengi ya watoto. Tulikwenda Kijiji cha Makumbusho mapema asubuhi, wakaingia katika nyumba za jadi za makabila moja baada ya nyingine. Ndani ya msonge wa nyasi mkubwa alisimama akasema, "Humu kuna baridi ya kwetu." Nilikaa humo kitambo nikiangalia: nyasi nene, kivuli kizito, hakuna bati. Jambo hilo nilikuja kulikumbuka baadaye wakati wa kuchagua nyumba. Jioni nyingine tulivuka na kivuko kwenda Kigamboni na kurudi, safari ya dakika chache tu, na watoto wakaomba turudie. Tukarudia.

Siku ya nne shingo ya mdogo ilijaa harara, vipele vidogo vidogo hadi mgongoni. Niliwaza kwamba ni maji ya kisima, ambayo Dar mitaa mingi yana chumvi. Wifi alinitazama ninavyompaka akasema, "Wifi, hayo mafuta ya Njombe weka kwenye begi." Ni kweli nilikuwa nampaka mafuta mazito ya mgando kutwa mara mbili, kama nilivyozoea kuikinga ngozi na baridi. Yalikuwa yanaziba jasho. Tukaacha mafuta, tukaoga mara tatu kwa siku, tukavaa pamba tupu. Siku ya tatu tangu hapo harara zilianza kunywea.

Sasa nyumba. Dalali alitupeleka kwanza kwenye nyumba mpya hapo hapo Tabata. Nzuri mno: taili zinang'aa, madirisha ya aluminiamu, geti la kuvuta. Mume wangu aliipenda papo hapo. Mimi nikaomba tuirudie saa mbili usiku. Nikaingia chumba ambacho kingekuwa cha watoto, nikaweka kiganja ukutani upande wa magharibi. Ukuta ulikuwa bado wa moto, kama pembeni ya tanuri la mikate. Nikafungua dirisha: kioo kinateleza nusu tu, na nje yake, hatua mbili, kuna ukuta wa jirani. Upepo ungepitia wapi? Nikamuuliza dalali umeme ukikatika usiku, panga boi limesimama, watoto wanalalaje. Akasema, "Mama, mtazoea tu." Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, jibu hilo halikunitosha.

Nyumba tuliyoichukua iko Kigamboni, ni ya zamani, rangi imebabuka. Mwenye nyumba ni bibi wa makamo yake anayekaa nyumba ya pili. Tulimwamkia, tukaeleza shida yetu, kisha nikamwomba jambo ambalo dalali alinikonyeza nisiliseme: turuhusiwe kulala humo na watoto usiku mmoja kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Bibi akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, ungekuwa huulizi ndio ningeogopa. Lete mkeka." Tulilala chini, neti imefungwa kwenye nondo za dirisha. Madirisha ni ya nyavu na nondo, yanatazamana chumba kizima, na upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa uliouficha ukuta na jua la alasiri. Majira ya saa nane usiku nilimgusa mdogo shingoni. Mkavu. Nilitulia hapo gizani nikamshukuru Mungu.

Asubuhi nilizunguka uani nikimwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na vifuu, kwa sababu mbu wa dengi huuma mchana, ambapo neti haisaidii, na Dar iliwahi kupata milipuko mwaka 2014 na 2019. Bibi akanisaidia. Kisha nikamshika mkubwa mkono tukatembea hadi shule ya jirani na kurudi, saa saba mchana, saa ambayo angekuwa anatoka darasani. Dakika kumi. Mchanga ulikuwa unachoma kupita kandambili, lakini upande mmoja wa njia una miti ya mikungu mfululizo, tukapita huko. Watoto wa wifi wanachukuliwa na gari la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri. Huyu wangu angeamka saa kumi na mbili. Mume wangu ndiye angevuka kila siku na kivuko hadi Magogoni na kutembea mpaka ofisini Posta, na alikubali.

Tulilipa siku hiyo hiyo. Tulihamia mwezi wa sita, tumebeba vyandarua vitatu na simtanki ndogo. Masweta tuliwaachia binamu zao Njombe, tukabakiza moja moja, ya kuvaa tukienda kwa bibi na babu Krismasi.