Mgeni Akija, Mpe Kadi Tatu

Kwenye klabu yetu ya Toastmasters hapa Dar, ambako watu hukutana kujifunza kuhutubia, mimi ni makamu wa rais upande wa elimu. Cheo kinasikika kikubwa, ila kazi yenyewe ni kupanga ratiba na kubembeleza watu kwenye kundi la WhatsApp: nani anahutubia, nani anatathmini, nani anashika saa. Usiku wa kuamkia mkutano ukifika bila majibu, napiga simu.

Wanaoniumiza kichwa si waoga. Ni vinara. Kila klabu inao watatu au wanne, wakisimama ukumbi unacheka na mgeni anatamani kurudi. Sasa ukiwaachia jukwaa kila wiki, wengine wanageuka watazamaji, na ada ya Oktoba au Aprili ikifika wanapotea kimya kimya. Nani alipie kupiga makofi?

Kwa hiyo mgeni akija mara ya pili, namkabidhi kadi tatu na saa ya simu yake. Hotuba ya kawaida ni dakika tano hadi saba: ya tano ananyanyua kijani, ya sita njano, ya saba nyekundu. Mwisho anasimama kusoma muda wa kila mtu. Sentensi nne tu, lakini kashasimama mbele za watu. Hotuba yake ya kujitambulisha, dakika nne hadi sita, haitamtisha tena kama zamani.

Ralph Smedley, mwasisi wa Toastmasters, alipoanzisha klabu ya Santa Ana, California, mwaka 1924, alitaka vijana wajifunze kuhutubia na pia kuendesha mikutano. Hiyo nusu ya pili ndiyo tunayoisahau.

Vinara walinung'unika kwamba ubora utashuka. Kweli ulishuka. Tulikuwa na mtunza muda aliyenogewa na hadithi mpaka akasahau kadi mkononi. Mimi naona hasara hiyo inabebeka. Kuna kaka mmoja wa bima, mpole, miezi mingi hakufungua mdomo. Nikampa kuhesabu "aaa" na "yaani" za wasemaji. Siku hiyo akasimama na kijikaratasi: "Rais wetu, yaani kumi na nne." Ukumbi ukavunjika mbavu, rais mwenyewe wa kwanza. Wiki iliyofuata aliniandikia kuomba kazi kabla sijaanza kubembeleza.

Penye ugumu hasa ni tathmini. Una dakika mbili au tatu za kumwambia mtu, mbele ya wenzake, kipi kimekaa sawa na kipi arekebishe. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi hadharani, basi wengi wanaishia "hongera sana mzee wangu" na kurudi kukaa. Nikampanga binti wa chuo amtathmini mzee wetu mmoja, mstaafu, aliyehutubia kuhusu safari yake ya treni kwenda Kigoma. Kuna walionifuata pembeni kuniuliza kama nina akili timamu.

Binti akaanza na shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha: "Mzee wangu, ulipotuelezea wachuuzi wa Dodoma dirishani, nilikuwa nao kabisa. Tulipofika Tabora ukaanza kusoma karatasi, ukatuacha stesheni. Naomba mara nyingine ile karatasi ibaki kwenye begi." Mzee akachomoa kalamu mfukoni, akaandika. Siku hizi akipangwa kuhutubia ananiuliza kwanza kama binti yupo.

Nilichokipenda pale ni kwamba heshima haikupungua hata chembe. Alitaja mahali penyewe, akatoa ombi badala ya hukumu. Wanachama wapya sasa nawaambia wasikilize hotuba wakiwa na kalamu, na wasithubutu kusifu bila kutaja sentensi iliyowagusa.

Mwaka wetu wa uongozi unaanza Julai mosi. Cheo hiki nakiachia, na nimeshamdokeza yule binti akichukue. Anasema ana mitihani. Nimemwambia ratiba inapangika hata kituoni. Nyingi mimi nimezipanga Mwenge, nikisubiri daladala yenye nafasi ya kukaa. Amesema atafikiria. Wakati anafikiria, nimempa nenosiri.