Jabali wangu ametimiza miaka 3

Leo Jabali ametimiza miaka 3. Ni Boerboel, mbwa wa ulinzi wa mashambani Afrika Kusini. "Boer" kwa Kiafrikaans ni mkulima. Kwa daktari wa mifugo mizani imesoma kilo 68. Kichwa kipana, shingo nene, manyoya mafupi ya kahawia, na usoni mweusi kama aliyevaa barakoa.

Wengi wakimwona getini wanaogopa. Lakini habweki hovyo kabisa. Mgeni akiingia, Jabali husimama kati yake na watoto, humtazama, kisha hunitazama mimi. Nikishampa mgeni mkono, naye hujilaza chini. Juzi usiku mtu alipanda ukuta wa nyuma. Jabali alinguruma mara moja tu, jamaa akarudi alikotoka.

Ndugu zangu mnaoniuliza kuhusu kufuga aina hii: mzoesheni watu na kelele za mtaa angali mdogo, kabla hajapata nguvu za kukuburuza. Huchelewa kukomaa akili, mvumilieni. Na tafadhali, msimfunge mnyororo kutwa nzima, naumia sana nikiona hivyo.

Sasa hivi binti yangu kamlalia ubavuni, wote wamesinzia.