Gezaulole ya bibi yangu

Jumapili nilivuka na pantoni kwenda Gezaulole kumsalimia bibi mzaa mama, na nimerudi na jambo limenikaa kichwani wiki nzima, basi acha niliandike kabla halijapotea.

Kwa msiokujua, Gezaulole ipo Kigamboni, kata ya Somangila, ukishuka pantoni unadaka daladala inayoelekea kusini, bahari inabaki mkono wa kushoto. Jina lenyewe la Kizaramo, geza ulole, yaani jaribu uone. Wengi tunaijua kwa ajili ya bichi za wikiendi basi. Lakini hapohapo ndo kwenye Mbwamaji, na Mbwamaji ilikuwa mji wa watu wakati hapa Posta tunapokanyagana kugombania magari palikuwa Mzizima tu, kijiji cha wavuvi. Sultani Majid wa Zanzibar kaanza kuijenga Dar miaka ya 1860, misafara ya kutoka bara ilishazoea kuteremka Mbwamaji siku nyingi, pembe za ndovu na sandarusi zinapakiwa kwenye majahazi, Washomvi na Wazaramo ndo wenye pwani yao. Mpaka leo kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, mizizi imepenya katikati ya mawe hadi hujui kipi kimemshikilia mwenzie.

Sasa bibi yangu sio Mzaramo. Baba yake alitoka Songea akaja kutafuta kazi Dar, wakapanga Magomeni, kazi ikaisha. Baada ya Azimio la Arusha 1967 serikali ilikuwa inahimiza vijiji vya ujamaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gezaulole ikawa moja ya vijiji vya mwanzo mwanzo huku kwetu, watu wasio na ajira mjini wakapelekwa wakalime pamoja na wenyeji waliowakuta. Bibi alikuwa binti mdogo, anakumbuka lori, anakumbuka mama yake kakumbatia sufuria njia nzima, na anakumbuka usiku wa kwanza walivyoogopa mlio wa minazi kwenye upepo wakadhani mvua inakuja. Nyuma ya mlango wake kuna jembe la enzi zile za shamba la kijiji. Limelika mpaka bapa lake limebaki dogo kama kiganja, mpini umebadilishwa sijui mara ngapi, halilimi tena lakini ole wako ulisogeze.

Kaolewa hapohapo na Mzaramo, watoto saba, Kizaramo anakiongea mpaka wenyeji wanasahau kuwa alikuja.

Kilichonirudia Jumapili ni ile siku ya sensa, tarehe 23 Agosti 2022, ilikuwa mapumziko nikawa kwake. Karani kaja na kishikwambi, kijana mstaarabu sana, kavua viatu kakaa mkekani, "Shikamoo bibi", "Marahaba baba", akaanza kuuliza nani na nani wamelala hapa usiku wa kuamkia leo. Bibi akaanza kuwataja. Mjomba wa Mbagala, mama yangu, binamu aliyeko Mtwara, wajukuu wa Tandika, wote! Kijana anamwambia taratibu bibi ni wale waliolala hapa tu. Kati ya wale kumi na moja aliowataja tukabaki watatu.

"Sasa baba, hawa wangu wengine unawaacha wapi?"

"Watahesabiwa hukohuko walikolala bibi."

Bibi kanyamaza, kisha akasema, "Haya. Ila andika kwao ni hapa."

Kijana aliitikia kwa heshima tu, kwenye kishikwambi hapakuwa na pa kuandika hilo.

Mimi siipingi sensa jamani, bila hesabu hujui ujenge madarasa mangapi. Matokeo yalipotoka Kigamboni ilikuwa na watu 317,902, mkoa mzima 5,383,728. Halafu kumbuka sensa ya 1967, mji wa Dar ulikuwa na watu 272,821. Yaani Kigamboni peke yake, ambayo bibi bado anaiita shamba, imeshaipita Dar nzima ya mwaka ule! Daraja lilifunguliwa 2016, Kigamboni ikawa wilaya yake yenyewe baada ya kumegwa kutoka Temeke, na ardhi ikaanza kwenda kwa viwanja. Minazi imekatwa mingi mno. Bibi yeye anawagawa watu hivi, kuna wenyewe, kuna tuliokuja na lori, na kuna waliokuja na kuta. Hao wa mwisho siwalaumu, mtu kanunua kwa jasho lake na anataka alale salama. Ila kuna kaburi la mzee wa ukoo mmoja sasa lipo ndani ya uzio wa mtu, ukoo ukitaka kwenda kusoma dua mpaka wapige hodi getini wasubiri kufunguliwa, na siku hiyo kiwanja kikiuzwa tena sijui huyo mnunuzi mpya nani atamwambia pale kalala nani. Hilo linaniuma kwelikweli, maana hata jiwe halina jina, jina lipo kwenye vichwa vya wazee wanne watano, na mwaka huu tu tumezika wawili.

Kwa hiyo Jumamosi hii narudi na daftari. Mjomba kaniahidi atanizungusha makaburini, lile la ndani ya uzio tumeshamwomba mwenye nyumba na kakubali tuje asubuhi. Kama una mzee wako wa Mbwamaji au Gezaulole na anajua nani kazikwa wapi, nitafute twende wote. Bibi kasema nije na sukari kilo mbili, na nisije na haraka, maana anataka aanze na majina ya wote waliokuwa kwenye lile lori.