Nilivyompata papa potwe Kilindoni

Ukitaka kumwona papa potwe, yule papa mkubwa wa madoadoa, kisiwani Mafia, mkimbie yeyote atakayekwambia "nenda wakati wowote, wapo tu". Mimi niliambiwa hivyo na jamaa anayejiita mwenyeji, kumbe bahari anaijua mwisho magotini. Msimu wenyewe ni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, potwe wanaposogea karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Ukienda kusi inavuma, utalipia boti ukatazame mawimbi.

Jamaa huyohuyo alinishauri nisile kitu kabla ya kuvuka kutoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara. Muongo! Nilitapika hadi nyongo. Wakati wa kurudi nilikula chapati kavu, nikakaa katikati ya chombo, nikafika salama.

Boti ya kwanza nilitafutiwa na watu wa nyumba niliyofikia. Tulitoka saa sita mchana, jua la utosi, injini inanguruma mwanzo mwisho. Tulizunguka, tukazunguka. Hata pezi hatukuliona, na hela ndiyo imeshakwenda.

Jioni nikashuka dikoni, wanapotia nanga wavuvi. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamshikia upande wa pili wa wavu wala sikumtajia potwe. Ukimwendea mvuvi na maswali ya kitalii atakutajia bei ya boti tu. Tuliongea dagaa, upepo, bei ya mafuta, mpaka akaniuliza mwenyewe nimefuata nini Mafia. Nikamwambia. Akacheka.

"Potwe hatafutwi, mwanangu. Tafuta dagaa."

Kumbe potwe na dagaa wanafuata chakula kimoja, vile vijidudu na vijikamba vinavyoelea majini. Ndiyo maana wavuvi wanakutana naye kila mara, na mara nyingine anaingia wavuni, inabidi wamfungulie apite.

Kesho yake asubuhi mjukuu wake akanichukua mimi na wenzangu. Macho yote kwa membe, wale ndege wa baharini. Walipoanza kuchota maji pamoja, akapunguza injini, akazima kabisa. Hapo tukamwona: mgongo wa madoadoa meupe, mpana kuliko boti yetu, domo wazi linameza maji juujuu, chazo, wale samaki wadogo wa kujibandika, wamemng'ang'ania tumboni. Nikateleza majini taratibu, maana ukiruka chubwi anazama zake. Kijana alinionya nikae ubavuni, mbali na mkia, nisimguse. Mzungu mmoja alimkimbiza kwa nyuma, akabaki anameza chumvi.

Na msipelekwe Utende kwa ajili ya potwe. Kule ni upande wa pili wa kisiwa, kuna Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, ina geti na kiingilio chake; nendeni mkitaka kuzamia kwenye matumbawe.

Boti changieni watu wanne watano, gharama inakuwa nyepesi. Miwani ya kuzamia beba yako. Niliyokodi mimi ilivuja upande mmoja, kwa hiyo samaki mkubwa kuliko wote duniani nimemwona kwa jicho la kulia tu.