Nimekusafishia ile miiba

Nilimjibu "asante". Hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu Jumapili.

Arobaini ya Bibi imepita salama, Baba Zuhura amepata ile kazi ya Lindi mjini, na mimi bado nimesimama pale kwenye pipa la maji. Saidi ananawa, panga liko chini, jasho linamtiririka.

"Dada, nimekusafishia ile miiba nyuma ya banda la kuku. Watoto wangechomwa."

"Asante, mdogo wangu."

Nilikuwa nimebeba sinia la pilau, nikapita. Nilipofika jikoni ndipo magoti yakalegea. Nyuma ya banda hakuna miiba. Kuna mipingo yangu.

Ile mitatu, mnaikumbuka. Mbegu niliziokota mwenyewe, ndani ya vile viganda vyembamba kama karatasi, nikaziotesha kwenye viriba. Katika 20 ziliota saba, tatu zikavuka kiangazi cha kwanza. Huu ni mwaka wa nne, na mrefu kuliko yote ulikuwa unanifika kifuani. Kila msimu, kabla watu hawajaanza kuchoma mashamba, niliilimia njia ya kuzuia moto kuizunguka, kwa sababu moto hausamehe mche wa mpingo.

Simlaumu. Kiangazi mpingo hupukutisha majani, ukabaki vijiti vya kijivu na miiba. Lakini Saidi! Tumekulia chini ya tezo ya Babu, tukichezea vumbi jeusi la vinyago.

Kila usiku naliweka lile sinia chini, namuuliza, "Miiba ipi?" Isingesaidia, ilikwisha katwa. Ila nisingeshukuru.

Jana nikajikaza nikaenda. Visiki vitatu, unene wa kidole gumba, ndani vyeupe tupu. Ule weusi wanaoutafuta wachongaji na watengeneza klarineti huja polepole kutoka katikati, na mti kufaa kuvunwa ni miaka 70 na zaidi. Nikakwangua gome kwa ukucha. Kijani. Cha pili, kijani. Cha tatu kikanilowesha kidole.

Mpingo huchipua kwenye kisiki, hata kwenye mizizi! Mvua zikishuka nitaacha chipukizi moja lililonyooka kwa kila kisiki, mengine niyapunguze. Nimechomeka vijiti na kuvifunga vipande vyekundu vya kanga ya Bibi, kila mtu avione.

Mama anasema kikohozi kimepungua. Lakini kwenye simu jana usiku alikatiza maneno mara nne, na mara ya mwisho alikaa kimya muda mrefu kabla ya kuniaga.