Kabureta ya Yamaha DT 125 na milima ya Bukavu

Yamaha DT 125 niliyoachiwa na baba mkubwa ni ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Ikisimama ilikuwa inazimika ovyo, na ikipanda kwenda Kadutu, mtaa wa mlimani hapa Bukavu, inakohoa, inatoa moshi mweusi, nguvu inaisha. Kila fundi alikuwa na dawa yake: huyu buji (plagi), yule filta, mwingine jikleri, yaani kijitundu cha shaba kinachopimia petroli, kubwa zaidi "ili ipate mafuta". Nikaona niifungue kabureta mwenyewe nijue kila tundu lina kazi gani.

Ncha ya pwanto, ile inayofunga petroli flota (boya la ndani) ikipanda, ilikuwa imechimbika pete nyembamba. Ndiyo sababu asubuhi tulikuta tone chini ya pikipiki. Hiyo haitengenezwi, inabadilishwa. Jikleri ndogo niliielekeza dirishani: hakuna mwanga uliopita. Niliiloweka kwenye petroli usiku kucha, nikapitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha nikaenda kupuliziwa kwa mtu wa upepo wa matairi. Naomba mtu asitumie waya wa chuma hapo. Shaba ni laini. Tundu likipanuka kidogo tu, namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena.

Baada ya hapo ikatulia ikisimama, ila mlimani moshi ukabaki. Hapo ndipo nilipoelewa kabureta hii ya Mikuni. Mwanzo wa aksileta unatawaliwa na jikleri ndogo na skrubu ya hewa. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano inayopanda pamoja na boaso, kile kizibo kinachoinuka ukivuta aksileta. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jikleri kubwa. Nilibandika utepe mweupe kwenye mkono wa aksileta, nikachora alama za robo, nusu na robo tatu, nikapanda nikiangalia alama gani iko juu inapoanza kukohoa. Ilikuwa ni ya mwisho, kila mara.

Basi tatizo halikuwa uchafu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na kwenye kimo cha Bukavu hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Jikleri ya kiwandani inamwaga petroli ya kipimo cha pwani kwenye hewa ya milimani. Kuongeza jikleri, kama nilivyoshauriwa, ni kuongeza ugonjwa.

Nilishuka namba moja ya jikleri kubwa, nikapanda aksileta ikiwa wazi, nikashika ambriyaji (klachi) na kuzima injini palepale juu, nikafungua buji: bado nyeusi. Nikashuka namba nyingine, na buji ikatoka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nikaishia hapo. Kwenye injini ya mipigo miwili, buji nyeupe ni hatari kabisa, kwa sababu petroli ikipungua joto linapanda na pistoni inaweza kukwama.

Ndiyo maana sifanyi safari ya Uvira na jikleri hiyo. Ziwa Tanganyika, ambako Uvira iko, liko karibu mita 770, hewa kule ni nzito, na kipimo kinachofaa Kadutu kitaikausha injini kwenye barabara ndefu za tambarare ya Ruzizi. Jikleri ya zamani iko kwenye kifuko chini ya kiti pamoja na bisibisi, na naifunga kwenye kabureta kabla ya kushuka mteremko wa Ngomo.