Siku Yangu Moja na Bakteria Wasiopatana

Kila nikipiga simu Tanga, mama huuliza, "Mwanangu, bado unafuga vile vijidudu?" Bado, mama. Ila kufuga si kazi. Kazi ni kuwafanya wakae pamoja.

Saa moja asubuhi. London bado giza, mimi niko maabara nachota sampuli kwenye kemostati: chupa inayoingiziwa chakula kipya kwa pampu huku mchuzi wa zamani ukitoka kwa kasi ileile, joto nyuzi 37. Ndani mna aina mbili za E. coli, bakteria wa utumboni: moja ina jeni ya kung'aa kijani, nyingine nyekundu. Ukiwaacha hivihivi, wanaozaliana haraka huwamaliza wenzao kwa njaa. Mwanabiolojia Mrusi Gause alilionyesha hilo miaka ya 1930. Kwa hiyo wale wa polepole tumewapa silaha, bakteriosini, sumu inayoua jirani asiye na kinga.

Saa tatu hadi sita: kuosha vyombo, kumimina agari (ute wa kuoteshea bakteria) kwenye sahani, kujaza daftari.

Saa saba nikafungua matokeo ya algoriti, hatua za hesabu nilizoipa kompyuta initafutie muundo wa kuwaweka pamoja. Nani amuue nani, sumu ianze lini, pampu iende kasi gani: michanganyiko ni maelfu, kuijaribu yote chupani ningezeeka. Kompyuta huipima kwa milinganyo, hubakiza iliyo bora, huichanganya, hurudia. Ilikesha, ikaniletea muundo wenye uthabiti kamili. Nikachora grafu. Mistari yote miwili imelala kwenye sifuri. Bakteria wote wamekufa! Niliiagiza itafute idadi isiyoyumba, na chupa tupu haiyumbi. Watu hudhani mashine ndiyo inayofikiri. Kosa lilikuwa langu.

Kurekebisha hilo ndiko kulikomeza siku. Nikaandika upya kigezo: aina yoyote ikishuka chini ya sehemu moja ya kumi, muundo utupwe. Ikaleta miundo inayosimama ikianza nusu kwa nusu tu. Ukiongeza wekundu kidogo, kijani wanatoweka. Nikaweka sharti kila muundo uanzie hali ishirini tofauti na urudi palepale. Programu ikakwama. Nikaanza tena. Chai ikapoa mara mbili, macho yanawasha, na giza likarudi dirishani.

Sijui ilikuwa saa ngapi niliposhuka kuhesabu sahani za jana, za muundo uliomo chupani sasa. Chini ya taa, vidoto vinang'aa kama shanga: kijani 61, vyekundu 48. Siku ya tisa, na wote wapo. Nikahesabu tena, ncha ya kalamu ikigusa kila kidoto.

Nikajaza chakula cha usiku, nikakaza mipira ya pampu, nikafunga mlango.